Dalali kanipigia hesabu, niingie?

SWALI: Shikamoo mama. Nina akiba ya miaka 6 na benki wamekubali kuniongezea, nimepata nyumba ya vyumba 4 inauzwa na wapangaji wamo ndani. Ili hesabu iwe rahisi tuseme bei ni 12,000, kodi ya vyumba vyote kwa mwezi 100, marejesho ya mkopo 70. Dalali anasema mimi nalala tu 30 inaingia kila mwezi. Sijawahi kupangisha hata stoo. Niingie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hesabu ya dalali siyo uongo ila ameikatisha njiani, na hapo ndo watu wengi wanapoumia. 100 kwa mwezi inakuwa 1,200 kwa mwaka kama tu kila chumba kina mtu miezi yote 12, sasa mpangaji anahama, unapaka rangi, unabadilisha kitasa, unatafuta mwingine, mwezi ushaenda. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja tu umebaki na 1,100. Toa marejesho, 70 mara 12, ni 840, zimebaki 260. Matengenezo watu wengi wanatenga asilimia 1 ya bei ya nyumba kwa mwaka, kwako ni 120, na nyumba ikiwa ya zamani usiridhike na hiyo. Zimebaki 140. Weka bima na kodi ya jengo, tuseme 80. Unabaki na 60 kwa mwaka mzima mwanangu, yani ile 30 ya dalali imekuwa 5 kwa mwezi, na hapo hujalipa kodi ya mapato wala hujakutana na mpangaji asiyelipa.

Halafu kaulize benki kama riba imefungwa au inapanda na kushuka. Kama inapanda, waambie wakupigie marejesho kwa riba iliyoongezeka pointi 2 za asilimia. Ikitoka 70 ikawa 80 tu, unahitaji 120 zaidi kwa mwaka, ile 60 imeliwa yote na nyingine 60 unatoa kwenye mshahara wako. Kwa hiyo kwa bei hiyo mimi nasema usiingie, rudi kwa muuzaji na hesabu hii mkononi mwombe ashushe, au weka akiba kubwa zaidi mkopo uwe mdogo.

Akishusha, hati kaitafute mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi, usikubali fotokopi ya dalali, maana huko ndo utaona kama nyumba imewekwa dhamana kwa deni la mtu. Nenda siku ya mvua uangalie paa na maji yanapoelekea. Na ongea na wapangaji wenyewe, mmoja mmoja, muuzaji asiwepo, waulize wanalipa ngapi, wamelipa mpaka lini, dipoziti walitoa shilingapi. Hii ya dipoziti naomba uishike sana. Mimi nyumba yangu ya kwanza niliinunua na watu ndani, muuzaji akaondoka na dipoziti zao zote, walipohama walinidai mimi na walikuwa na haki, nikarudisha mmoja baada ya mwingine kutoka mfukoni kwangu. Kwenye mkataba wa mauziano iandikwe dipoziti ni ngapi na zikatwe kwenye bei.

SWALI: Mama, mimi nyumba ninayo tayari. Kuna kijana ana deni la miezi 2, kila siku ananiambia wiki ijayo. Nataka nibadilishe kufuli akiwa kazini. Nakosea?

JIBU: Unakosea, tena sana. Nchi nyingi sheria inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama hata kama anadaiwa, na kukata maji au umeme wanalihesabu hivyo hivyo, kwahiyo wewe mwenye kudai unageuka mshtakiwa na vitu vyake vikipotea utavilipa. Kaa naye, muulize kimetokea nini, mtu aliyepoteza kazi na mtu aliyezoea kutolipa hawafanani na dakika kumi za maongezi zinatosha kukuonyesha. Kama ana kipato mwandikie ratiba, kodi ya mwezi huu pamoja na robo ya deni, asaini, wewe saini, kila mtu abaki na nakala na kila anapolipa mpe risiti. Akivunja ratiba mpe notisi ya maandishi ya siku zinazotajwa na sheria ya kwenu, zikiisha nenda na hizo karatasi kwenye chombo kinachohusika na kesi za wapangaji.

Na anayekuja baada yake, kabla hujampa funguo piga simu kwa mwenye nyumba wa nyuma kabisa, siyo huyu anayetoka kwake sasa hivi. Wa sasa anaweza kumsifia ili amwondoe, yule wa nyuma hana sababu ya kukuficha. Siku anaingia pigeni picha kila chumba mkiwa wote wawili, kuta, sinki, vioo vya madirisha, umtumie na yeye.