Unaanza gitaa? Anza na uzi mmoja

Kama umewahi kuimba kwaya ambayo mwalimu wake huandika d r m f s l t ubaoni, iwe ni Arua, Jinja au Mbarara, nadharia ya muziki umeshaianza. Kilichobaki ni kuihamishia kwenye gitaa. Solfa hiyo ilianzia Uingereza katika karne ya 19: Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ndiye aliyeitunga, mchungaji John Curwen akaiendeleza, na wamisionari wakaieneza hadi huku kwetu Uganda. Nasikitika nikiona vijana wanaiacha kwenye benchi la kwaya, kisha wanamaliza bando wakitafuta mtandaoni michoro ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Vidole vinakariri maumbo, sikio halijui kitu. Siku mwimbaji akisema "wimbo uko juu mno, ushushe kidogo", mkono unaganda.

Kwa hiyo weka michoro pembeni kwanza. Tyuni gitaa lako (programu za bure za simu zinatosha), kisha shika uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote. Ukiupiga bila kubonyeza unatoa E. Uite do. Freti ni nafasi zinazotenganishwa na vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Bonyeza freti ya 2 upate re, ya 4 upate mi, ya 5 fa, ya 7 so, ya 9 la, ya 11 ti, na ya 12 do ya juu. Piga huku unaimba, kwa sauti, hata kama majirani watakucheka.

Sasa angalia kidole kilivyotembea. Karibu kila mahali kimeruka freti moja. Mara mbili tu hakikuruka: kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do. Freti moja ni nusu toni, freti mbili ni toni nzima. Kwa hiyo umepiga toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Hiyo ndiyo skeli ya meja, na nyimbo nyingi mno unazozijua zimejengwa juu yake. Usiende mbele kabla sikio halijakushtua lenyewe pale unapokosea freti.

Ukishaizoea, anzia do mahali pengine. Freti ya 3 ya uzi huohuo ni G. Fuata hatua zilezile na hapo utaelewa shapu (noti zilizopandishwa freti moja) zinatoka wapi, jambo linalowatisha wengi bure. Herufi za muziki ni A B C D E F G, na kati ya moja na nyingine kuna freti moja katikati, isipokuwa kati ya B na C, na kati ya E na F, ambako hakuna kitu. Hesabu kutoka G: A, B, C, D na E zote zinaangukia mahali pake. Ukifika kwenye ti, F iko freti moja tu mbele ya E, wakati kutoka la hadi ti unahitaji mbili. Basi unasogea freti moja zaidi, unapata F shapu. Ki ya G, yaani skeli ambayo do yake ni G, ina shapu moja kwa sababu hiyo tu. Mengine yote ya ki ni hesabu hiyohiyo ikianzia sehemu tofauti.

Kodi ya meja ni do, mi na so zikipigwa pamoja. Ukishika C ya kawaida, uzi wa tano freti ya 3 ni C, wa nne freti ya 2 ni E, wa tatu uko wazi ni G, wa pili freti ya 1 ni C tena, wa kwanza uko wazi ni E. Nyuzi tano zinalia, noti ni tatu tu.

Tofauti ya meja na maina watu huieleza kwa maneno mengi: moja ya furaha, nyingine ya huzuni. Mimi napenda uione kwa macho. Shika E meja: kidole cha shahada kiko uzi wa tatu, freti ya 1. Piga. Sasa kiinue kidole hicho kimoja, viwili vingine vibaki palepale. Piga tena. Umepata E maina, na kilichobadilika ni mi peke yake, iliyoshuka freti moja kutoka G shapu hadi G. Kisha nenda kwenye A na A maina, halafu D na D maina, utafute mwenyewe ni uzi gani ulioshuka freti moja. Usitazame jibu mtandaoni.

Baada ya hapo achana na herufi kidogo, anza kuziita kodi kwa namba, kulingana na nafasi ya noti yake kwenye skeli. Ukiwa ki ya G, namba 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D, na 6 ni E maina. Pambio nyingi za makanisani kwetu na seben nyingi (vipande vya gitaa vya kuchezea dansi) zinazovuka mpaka kutoka Kongo huzunguka kwenye 1, 4 na 5. Kwenye bendi ya kanisa, kiongozi anaweza kuonyesha vidole vinne bila kufungua mdomo, na anayefikiri kwa namba ameshafika. Anayefikiri kwa herufi bado anauliza ni ki gani. Mwimbaji akipandisha kutoka G hadi A, 1, 4 na 5 zinakuwa A, D na E. Wimbo ni uleule. Kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, ikifungwa freti ya 2 inakufanyia kazi hiyo huku mkono ukishika maumbo ya G, na si dhambi kuitumia. Ila kapo haishuki chini ya nati (kipande kinachoshikilia nyuzi mwanzoni mwa shingo), na mwimbaji mara nyingine anataka ushuke.

Kwa sisi wa West Nile kuna shule ya bure ambayo wapiga gitaa huidharau: adungu. Kinubi hiki cha Waalur siku hizi makanisani hutyuniwa kwa do re mi. Mpigaji hana freti hata moja na hana nusu toni za ziada, lakini anaongoza ibada nzima. Kaa karibu naye umsindikize. Utajifunza upesi noti gani ni za lazima na zipi ni mapambo. Ukienda Buganda ukakuta amadinda, marimba ya mbao ya huko, hapo usilazimishe. Ile hugawa oktava (kutoka do hadi do ya juu) katika hatua tano zinazokaribia kulingana, kila hatua ikiwa freti mbili na kitu. Gitaa lako halitakaa sawasawa nayo, na hakuna kati ya vyombo hivyo viwili kilichoharibika.

Kuna upande ambao masomo mengi ya nadharia huupitia juujuu, nao ni mapigo. Wanaoanza hudhani nadharia ni noti tu, ilhali wasikilizaji watakusamehe noti iliyokosewa kabla hawajakusamehe mdundo uliovunjika. Hesabu moja mbili tatu nne huku mguu ukigonga, na mkono wa kulia usisimame hata kodi ikichelewa. Bora upige nyuzi zilizozibwa kuliko usimame kutafuta kidole. Ukishaweza, jaribu baakisimba, ngoma ya Waganda: hesabu hadi sita, mguu ugonge kwenye moja na kwenye nne. Wengi waliozoea kuhesabu nne hupotea hapo hata kama ngoma hiyo wameicheza tangu utotoni. Mwili unaijua, kichwa hakijawahi kuihesabu. Sikiliza pia kadongo kamu, nyimbo za Kiganda za kusimulia kwa gitaa, ya wakongwe kama Fred Masagazi na Elly Wamala. Zingatia jinsi gitaa linavyoshika njia moja kwa moja huku sauti ikisimulia bila haraka.

Kusoma noti kwenye mistari mitano kunaweza kusubiri, labda kama una mtihani. Ukifika huko, ujue kwamba noti za gitaa huandikwa oktava moja juu ya sauti yake halisi, usije ukabishana na mpiga piano.

Jambo la mwisho ni la kabla ya kununua. Nadharia yote niliyoieleza inategemea freti kukaa mahali pake, na magitaa mengine ya bei nafuu hayako hivyo. Freti ya 12 inapaswa kuugawa uzi katikati, kwa maana nusu ya uzi hutetemeka mara mbili zaidi: uzi wa tano ukiwa wazi hutetemeka mara 110 kwa sekunde, na kwenye freti ya 12 mara 220. Ukiwa dukani, gusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, uondoe kidole: utasikia sauti nyembamba kama ya kengele. Kisha bonyeza freti hiyohiyo kawaida upige tena. Sauti mbili zinatakiwa kufanana. Ile ya kubonyeza ikiwa juu au chini, kodi zako hazitakubaliana kamwe kadiri unavyopanda shingo, hata utyuni vipi. Muuzaji akikuambia ni nyuzi tu zimechakaa, anaweza kuwa anasema kweli. Mwambie abadili mbele yako, upime tena, ndipo utoe hela.