Jibu: kisahani cha majivu cha bati chenye vilalio vya siga

Mkuu, umeuliza namna ya kusanifu kisahani cha majivu cha bati, rahisi, cha kukunja kwa mkono, lakini chenye sehemu za kulaza siga, zile nene za majani matupu ya tumbaku, si sigara za kawaida. Mteja wako anataka vipande 20 vya barazani, na wewe umechora boksi lenye mapengo ya nusu duara juu ya kuta. Nilipouona mchoro wako nilishtuka, maana ndio uleule nilioufanya mimi nilipopata oda ya kwanza ya aina hii, na mzigo wote ukarudi. Kwa hiyo nitaandika kirefu, nivumilie.

Mimi ni fundi bati hapa Gerezani, Dar es Salaam. Kazi zangu za kila siku ni majiko ya mkaa, matranka ya wanafunzi wa bweni na mifereji ya kukinga maji ya mvua. Oda ile ilitoka hoteli moja ya ufukweni. Nilipewa kipimo cha mm 20 kwa siga, nikatoboa mapengo ya mm 20 kwenye kuta za bati la mm 0.9, nikapiga tupa, nikapeleka nikiwa na uhakika kwamba kazi ni safi. Siku tatu baadaye meneja akaniita. Hakunigombeza. Alichukua siga ya mgeni mmoja aliyekuwa ameiacha mezani, akaniwekea mkononi, akaniambia niangalie. Upande wa chini jani la nje lilikuwa limepasuka kwa mstari mmoja ulionyooka, na kando ya mpasuko limenyanyuka kama ganda la kitunguu. Mstari ule ulikuwa ukingo wa bati langu.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa. Pengo lilikuwa na upana sawasawa, lakini siga ilikuwa inalala juu ya ukingo usiofika hata mm 1, kama ndizi mbivu iliyowekwa juu ya makali ya kisu. Jani la nje la siga ni jembamba, limekauka, na ndilo linaloshika kila kitu. Likipasuka, siga inavuta hewa ubavuni na inaungua upande. Tena, kitu kilichokaa juu ya sehemu moja kinacheza kama pembea: mtu akigusa meza, siga inaanguka ndani ya majivu au sakafuni na moto wake. Sigara ya kawaida ina kipenyo cha karibu mm 8, ni nyepesi, pengo linaitosha. Siga inataka kitanda. Mimi hukiita kilalio, na kazi yote ya usanifu iko hapo. Boksi lenyewe hata mwanafunzi wa mwezi mmoja atalikunja.

Kwa hiyo kabla hujagusa bati, ijue siga. Unene wake hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Wakisema 50, maana yake 50 gawanya kwa 64, yaani karibu mm 20. Ile iitwayo Corona ni 42, karibu mm 17, na urefu wake ni mm 142. Robusto ni 50, urefu mm 124. Churchill ni 47, karibu mm 19, lakini ndefu, mm 178. Na siku hizi zipo za 60, karibu mm 24. Wageni wa hoteli hawavuti aina moja, hivyo kilalio chako lazima kizipokee zote, kuanzia mm 17 mpaka 24.

Jaribio langu la pili lilikuwa mfereji wa nusu duara, nimeukunja juu ya bomba la nusu inchi, ambalo kwa nje lina kama mm 21. Robusto ilikaa vizuri sana. Ile nene haikuingia, ilikalia kingo mbili za juu, tukarudi kwenye makali yaleyale. Nikahamia bomba la robo tatu, nene ikaingia, Corona ikawa inayumba. Na kukunja mfereji mzuri kwa nyundo juu ya bomba ni kazi ya kuchosha kwa vipande vingi.

Jawabu lilikuwa mkunjo mmoja tu: V ya nyuzi 90. Kitu cha mviringo kikilala ndani ya V kinagusa mistari miwili tu, mmoja kila upande, na ukubwa wake haubadilishi chochote zaidi ya kukaa juu kidogo au chini kidogo. Siga ya mm 20 inagusa kila ubavu mm 10 kutoka kwenye mkunjo. Ya mm 24, mm 12. Ukifanya kila ubavu uwe mm 18, zote zinakaa ndani bila kufika kingo. Chini yake panabaki nafasi ya hewa. Mgeni akiitikisa meza haibiringiki, maana V inaikumbatia.

Urefu wa kilalio nao una hesabu yake, na hii nakuomba usiiruke. Siga ikiwekwa, upande wa moto lazima upite mwisho wa kilalio kama mm 25, ili kaa lisiguse chuma. Chuma kinanyonya joto, kaa linapoa upande mmoja, siga inaungua kombo. Sasa uzito wa siga uko katikati ya urefu wake. Robusto ya mm 124, kati yake ni mm 62 kutoka kwenye moto. Churchill ni mm 89. Ukiondoa zile mm 25 zilizoning'inia, utaona kilalio kinatakiwa kifike angalau mm 64 ili Churchill isipinduke kwa nje. Mimi naweka mm 70. Siga inavyoungua inazidi kuwa fupi, na kati yake inasogea kuelekea kwenye moto, lakini mpaka ibaki chini ya mm 50 ndipo itaangukia ndani, na hapo mvutaji ameshamaliza.

Kisahani chenyewe, kwa nje: kitako mm 200 kwa 140, kuta mm 40, juu ya kuta pindo la mm 8 lililolazwa ndani ili mtu asikatike kidole. Bati la mm 0.9 linapoteza karibu mm 1.8 kwa kila mkunjo wa nyuzi 90 ukilinganisha na vipimo vya nje. Kwa hiyo usikate 296 kwa 236 kama hesabu ya kujumlisha inavyokwambia. Kata 292 kwa 232. Tofauti hiyo ya mm 4 ndiyo inayofanya kona zikutane au ziachiane mdomo. Bati lako likiwa na unene mwingine, kunja kipande cha majaribio cha mm 100 katikati, pima pande zote mbili kwa nje, jumlisha, kisha toa 100. Hilo ndilo kato lako, yaani kiasi cha kupunguza kwa kila mkunjo, achana na jedwali la mtu mwingine.

Vilalio viwili vinakaa upande mmoja, kwenye ukuta wa mm 140, kati yao mm 70. Ukuta unakatwa pengo la V la kina cha mm 13, na pindo la sehemu hiyo unaliondoa kabla ya kukunja. Ndani ya kisahani, mm 55 kutoka kwenye ukuta huo, weka daraja: ukanda wa mm 25 unaovuka kutoka ukuta hadi ukuta, wenye mapengo mawili ya V yaleyale, na ulimi wa mm 10 kila mwisho wa kupigia riveti. Daraja liachie mm 10 kutoka kwenye kitako. Niliwahi kulishusha hadi chini, na dada anayefanya usafi pale hotelini akaniambia majivu yananasa nyuma yake na kitambaa hakiingii. Alikuwa na haki kabisa. Tangu hapo daraja langu linaelea.

Ukilinyanyua hivyo, juu ya daraja panakuwa mm 35, yaani mm 5 chini ya ukuta. Kilalio chenyewe ni kipande cha mm 34 kwa 70, mkunjo mmoja katikati, na kikishakunjwa kila ubavu kwa nje unafika zile mm 18. Kikikaa kwenye mapengo kinatoka mm 5 nje ya ukuta na mm 10 mbele ya daraja, na kinainamia ndani kama nyuzi 5. Inatosha kuyapeleka majivu ndani, na haitoshi kuiteleza siga. Usiongeze mwinamo kwa sababu ya urembo. Kingo zote za kilalio zipige tupa na msasa mpaka upitishe kitambaa laini kisinase hata uzi.

Bati la zinki liache, hata kama umebaki nalo la kuezekea. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na kaa la tumbaku linapita hapo. Kila siga itakayozimwa itaacha doa, na ukitaka kuchomelea kona utakuwa unavuta moshi wake. Maziwa tunayokunywa mafundi baada ya kazi ile hayautoi moshi uliokwisha kuingia kifuani. Lehemu nayo isikaribie, ile ya kawaida ya stani na risasi inaanza kuyeyuka hata kabla ya nyuzi 200. Tumia bati jeusi, yaani la chuma kisichopakwa zinki, la mm 0.9, kona uzifunge kwa riveti za mm 3.2. Mteja akiwa na pesa, bati lisiloshika kutu la unene huohuo, ila hilo linarudi nyuma baada ya kukunjwa, kwa hiyo vuka nyuzi 90 kidogo. Alumini ni nyepesi mno kwa baraza lenye upepo wa bahari. Hiki cha chuma kinafika karibu nusu kilo, hakihami mezani. Rangi ya mafuta ndani usipake, inavimba na kunuka. Paka rangi inayostahimili joto, ile ya kupakia ekzosi za magari, na vilalio viache bila rangi kabisa.

Kuhusu kupanga mikato: shiti ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 40 vya 292 kwa 232, hapa nitaviita vitako, lakini mabaki yake hayatoshi vilalio vyote. Toa vitako 38, viwili vilivyobaki vikate vilalio, na mabaki ya pembeni yatamaliza madaraja na vilalio vingine. Wewe una oda ya 20, nusu shiti inakaribia sana lakini itakubana. Nunua nzima, nyingine utatengenezea majiko.

Utaratibu wa kukunja: chora kwa msumari wenye ncha, usitumie kalamu nene. Toboa tundu la mm 4 kila mistari ya mikunjo inapokutana, la sivyo kona itachanika. Ondoa miraba ya kona ukiacha ulimi wa mm 10 kwenye kuta ndefu. Kata mapengo ya V bati likiwa bado bapa. Laza pindo zote kwanza. Kisha bana kati ya engo mbili (vyuma vya pembe) kwenye jiliwa, nyanyua kuta ndefu kwa nyundo ya mbao, ndimi ziingie ndani, kuta fupi zije mwisho kwa nje. Daraja lipige riveti kabla ya vilalio, na kilalio kishike kwa riveti moja tu ya ukutani. Upande wa darajani kiache huru, chuma kikipata joto kipate pa kutanukia.

Halafu jambo la mwisho, na hili ndilo ningependa ulifanye leo. Usinunue siga za majaribio, ni ghali. Chukua mpini wa fagio, uchonge mpaka mm 20, kata vipande viwili: mm 124 na mm 178. Tengeneza kisahani kizima kwa boksi gumu la katoni, weka vijiti kwenye vilalio, mm 25 zikining'inia mbele, kisha gonga meza kwa ngumi. Kijiti kirefu kikibaki, vipimo vyako viko sawa. Piga picha ukiwa umeinama usawa wa ukuta, uiweke hapa, niione ile V kabla hujaweka mkasi kwenye bati.