Mwanangu, shamba la babu yako lilivyokuwa letu

Mwanangu,

Umeniuliza: ikiwa babu yako hakuwa na karatasi yoyote, shamba lilipataje kuwa letu, na kwa nini leo tuhangaikie hati?

Babu yako alitoka Usukumani na ng'ombe wake miaka ya 1970, akashuka bonde la Rukwa. Usije ukasema alikuta pori tupu. Wapimbwe walikuwepo, na ni mzee wao aliyemwonyesha pa kuanzia. Akafyeka, akachoma, akang'oa visiki, na jasho hilo likamfanya atambulike kuwa mwenye eneo. Mipaka haikumsumbua mtu, maana ardhi ilikuwa bwerere. Ukiona imechoka, unasogea mbele.

Mambo yaligeuka mpunga ulipoanza kuleta fedha na wageni wakazidi kumiminika. Ukishainua kingo za majaruba, huhami tena kirahisi, wala hukubali mwenzio apitishe plau juu yake. Ndipo watu wakapanda minyaa mipakani. Ule mstari wa upande wa mto, jirani alishika kamba huku, babu yako kule, wazee wakiangalia. Ushahidi wote ulikaa vichwani mwao.

Serikali ilikuja nyuma ya makubaliano hayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaitambua haki ya kimila na kuipa hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na serikali. Kwa hiyo hata leo shamba ni letu.

Lakini wale wazee wa kamba wengi tumeshawazika, na mnunuzi atokaye mbali haujui mnyaa wala jirani. Ndiyo maana nataka hati ya hakimiliki ya kimila, tena kabla sijazeeka zaidi.

Jina la mama yako liwemo, hilo silegezi. Sheria hiyohiyo inabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, na mama yako ameyainamia majaruba yale miaka yote ya ndoa yetu.

Wapimaji wakija, omba ruhusa kazini uje. Tutatembea mpaka wote pamoja na majirani, hata yule tusiyeelewana naye. Akipinga, tutakwenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3, na kazi yao ni kusuluhisha. Usimjibu kwa hasira. Baba yake ndiye aliyeishika ile kamba.

Baba yako