Maswali Yenu Kuhusu Impreza za Zamani

Mwezi huu barua nyingi zimeulizia gari moja, Subaru Impreza WRX ya zamani: umbo la kwanza, GC8, lililotoka kati ya 1992 na 2000, na lililofuata, GD, hadi 2007. Nimefurahi, maana ndilo gari ninalolifahamu kuliko yote. Langu la 1998 lipo uani hadi leo, na karibu kila nati yake imepita mkononi mwangu. Nimechagua maswali manane.

Shikamoo fundi. Nimepata WRX ya 2003, gia za mkono. Muuzaji anasema injini haijawahi kufunguliwa. Nikienda kuikagua nianzie wapi? (Msomaji, Nakuru)

Marahaba. Anza na saa ya kwenda. Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini baridi ndiyo inayosema kweli. Liwashwe huku wewe umesimama mbele, si ndani ukisikiliza redio. EJ20, yaani injini ya lita 2 ya gari hili, nyingi hugonga kidogo zikiwa baridi, ni pistoni hizo, na mlio huo ukipotea baada ya dakika chache usikuondoe usingizi. Mlio wa kuogopa ni ule unaobaki injini ikishapata moto na kuongezeka ukikanyaga mafuta kidogo. Hizo ni beringi za konrodi, na hapo mazungumzo ya bei yamekwisha, labda kama unanunua bodi.

Kisha omba kipimo cha kompresheni. Fundi mwenye geji atakifanya kwa muda mfupi, na silinda zote nne zinatakiwa zikaribiane. Moja ikishuka peke yake, mara nyingi pistoni imevunjika kwenye kingo za ringi, ugonjwa unaoletwa na kunoki, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Chungulia tangi la kulanti, maji ya kupozea injini, huku injini inanguruma: mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi ya hedi.

Sasa tairi. Watu hulipita hili, lakini linagharimu fedha nyingi. Gari hili linavuta magurudumu yote manne, na katikati ya giaboksi mna difu ya majimaji mazito inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiweka tairi mbili mpya na mbili zilizochakaa, difu hiyo inafanya kazi bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka, mpaka inaungua. Pima hivi: kata usukani wote upande mmoja, uachie klachi taratibu, uzunguke kiwanjani polepole. Gari likijizuia na kurukaruka kama limeshikwa breki, difu ya kati imekufa.

Mwisho wa ukaguzi, ingiza vidole ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma, kisha fungua buti uangalie vichwa vya shokapu. Hapo ndipo kutu ya Impreza huanzia, hasa zilizoishi Japani ya kaskazini ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Ama hilo la kutofunguliwa, mimi halinivutii. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo WRX ya 2003 unayoiona Nakuru imekuwa kwenye barabara zetu tangu 2011 hivi au kabla. Kuna fundi anayelijua. Mtafute, muulize alibadilisha nini na lini. Ningelipa zaidi kwa injini iliyofunguliwa na fundi makini, risiti zikiwepo, kuliko ile ambayo hakuna anayejua kilichomo ndani.

Taa ya oili haijawahi kuwaka, lakini fundi amenitolea stiki ikiwa kavu. Taa imeharibika? (Msomaji, Morogoro)

Taa ni nzima, kaka. Taa hiyo haipimi kiasi cha oili, inapima presha. Ikiwaka huku unaendesha, beringi zimeshaanza kusagika. Hapa ndipo EJ20 nyingi zinapofia, na inaniuma kwa sababu dawa yake ni kitambaa na dakika 2.

Pima oili kila unapojaza mafuta, gari likiwa mahali pa tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa ili oili ishuke. Toa stiki, ifute, irudishe, itoe tena. Kati ya alama ya chini na ya juu ni lita 1 hivi. Injini hii ina silinda zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na oili hukimbilia kwenye hedi ukikata kona kali. Ukiingia kwenye kona ukiwa umepungukiwa lita nzima, pampu inavuta hewa. Usiiache oili ishuke chini ya nusu ya alama hizo.

Badilisha oili na filta kila kilomita 5,000, hata kama kopo linakuahidi 10,000. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, inapata joto kali sana na oili ndiyo inayoilinda. Kwa joto la Morogoro mimi natumia 5W-40 ya sintetiki. Inunue kwa muuzaji unayemwamini, na ukishamimina toboa kopo kabla ya kulitupa, maana makopo matupu yenye nembo nzuri hurudi sokoni yakiwa na oili chafu iliyochujwa.

Kuhusu injini yako: jaza, kisha andika kilomita na kiasi ulichoongeza kila mara. Baada ya mwezi utajua kama inavuja, inaunguza, au ilikuwa imesahaulika tu.

Fundi, WRX yangu ilichemsha nikipanda kutoka Naivasha. Nimeambiwa Subaru zote huunguza gasketi za hedi, hivyo nishushe injini. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Usishushe injini bado. Sifa hiyo mbaya inatoka hasa kwa EJ25, injini ya lita 2.5, isiyo na turbo, ambayo gasketi zake zilikuwa dhaifu kweli. Watu wameichukua na kuibandika kila Subaru. EJ20 ya turbo huunguza gasketi pia, lakini mara nyingi ni baada ya kuchemshwa na kitu kingine. Kitafute hicho kwanza.

Kwanza, hewa. Injini iliyolala huficha hewa kwenye njia za maji. Aliyekubadilishia rejeta au mpira akijaza haraka na kufunga, povu la hewa linabaki ndani na gari linachemsha siku hiyohiyo ya mlima. WRX ina tangi dogo la chuma juu ya injini, na hapo ndipo pa kujazia, polepole, huku kile kiplagi cha pembeni juu ya rejeta kimefunguliwa ili hewa itoke. Halafu liwashe, weka hita kwenye moto kabisa, subiri feni zizunguke mara 2, liache lipoe, ongeza.

Pili, vifuniko. Gari lina viwili, cha tangi na cha rejeta, na havifanani kazi. Vikibadilishana mahali, mfumo haushiki presha inavyotakiwa. Nimeona hilo mara nyingi, na mara zote mwenye gari alikuwa ameshatumia fedha nyingi kwingine.

Tatu, thamostati. Katika injini hii inakaa chini, upande wa maji yanayoingia, na ya asili huanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80. Za bei rahisi huwa ndogo kwa umbo na hazipitishi maji ya kutosha. Hapa nunua ya Subaru yenyewe.

Na tafadhali usiendeshe na maji ya bomba. Katika mwinuko wa Nairobi, mita 1,700 hivi, maji wazi huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Presha ya mfumo na kulanti ndivyo vinavyokupa nafasi ya ziada, na kulanti pia huzuia aluminiamu ya hedi isiliwe. Ukishamaliza hayo yote na mapovu bado yapo kwenye tangi, hapo nakubali: gasketi.

Mkanda wa taimingi naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani? (Msomaji, Arusha)

Unaweza, ikiwa una siku 2 na huna haraka. Ukikatika, vali na pistoni zinagongana, kwa hiyo kilomita 100,000 ndizo mwisho, na kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha sasa. Weka na roli zote, tenshena na pampu ya maji, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huohuo.

Mambo mawili yamewaumiza wengi. Kwenye puli ya krenki, shafti kuu ya injini, kuna mshale unaoonekana vizuri, nao si alama ya taimingi. Alama ni mstari mdogo kwenye jino la nyuma ya puli. Kamshafti, shafti zinazofungua vali, nazo zina mishale na mistari, wewe fuata mistari. La pili: kamshafti za upande wa kushoto wa gari zimebanwa na springi za vali, na ukitoa mkanda zinaweza kuruka zenyewe. Zishike kwa kifaa chake, au ziachie taratibu kwa spana, moja moja. Zikiruka ovyo vali zinagongana zenyewe kwa zenyewe. Kisha, kabla hujagusa swichi, zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili. Ikigoma popote, simama.

Nataka kuweka ekzosi kubwa, vali inayopiga "pshhh", na kupandisha presha ya turbo. Nitapata nguvu kiasi gani? (Msomaji, Kampala)

Mdogo wangu, nakuelewa, nami nilianza hivyohivyo. Tuanze na hiyo vali. Kompyuta ya gari lako inapima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta, na kwa hewa hiyo inahesabu petroli. Vali ya asili hurudisha hewa ndani ya bomba. Ukiimwaga nje, kompyuta inatoa petroli ya hewa ambayo haipo tena, na kila unapobadilisha gia mchanganyiko unajaa mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, gari linasinzia. Nguvu hupati hata kidogo.

Ekzosi inasaidia kweli, hasa kipande kinachotoka kwenye turbo. Lakini turbo ikipumua vizuri, presha inaweza kupanda yenyewe kupita kiwango, hata kama hukugusa kitu. Hapo linakuja suala la petroli. STI, toleo kali zaidi la WRX, za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya huko ya daraja la juu, inayouzwa kama oktani 100 hivi. Pampu zetu ziko chini ya hapo. Gari lako, kama ni la huko, hata bila kuguswa, tayari liko karibu na mpaka wa kunoki, na kunoki ndiko kunakovunja zile kingo za pistoni nilizomwambia msomaji wa Nakuru.

Kwa hiyo panga fedha zako upya. Weka geji ya oili na ya presha ya turbo. Halafu tafuta mtu mwenye sensa ya kupima mchanganyiko na uwezo wa kuandika upya ramani ya kompyuta, yaani maagizo yake kwa injini, kwa petroli unayonunua wewe, Kampala, si ramani iliyopakuliwa kutoka kwa gari la Ulaya. Ekzosi iwekwe siku hiyohiyo, kabla ya ramani. Mtu akikupa namba ya nguvu bila kulipima gari lako, ondoka hapo.

Langu lilivunjika pistoni ya silinda moja mwaka wa pili, katika gereji ambayo sitaitaja, baada ya kupandishiwa presha bila kipimo chochote. Nilikaa miezi 7 nikilitazama likiwa limeinuliwa juu ya matofali. Sipendi yakukute.

Kwa nini WRX yangu haingurumi kama za wenzangu? (Msomaji, Thika)

Mngurumo ule unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyo na urefu sawa kati ya hedi na turbo, moshi wa silinda unafika kwa mapigo yasiyolingana. STI kadhaa za Japani za miaka ya 2000 zilikuja na mabomba ya urefu sawa na turbo ya njia mbili, na hizo huwa kimya zaidi. Ikiwa lako ni hizo, hongera. Turbo yako inaamka mapema, usiibadilishe kwa ajili ya sauti.

Baba yangu anasema Impreza yetu ni ileile iliyoshinda Safari Rally. Ni kweli? (Msomaji, Eldoret)

Baba ana haki ya kujivunia. Colin McRae alishinda Safari mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda tena na Impreza mwaka 2000. Lile la mashindano lilikuwa la milango miwili, turbo yake ikivuta hewa kupitia tundu la milimita 34 kwa mujibu wa sheria, na la Safari lilifungwa bomba la kupumulia lililopanda kando ya kioo ili livuke maji. Lakini silinda nne zilizolala na uvutaji wa magurudumu manne ni vya ukoo mmoja na gari lenu. Mwambie pia aangalie bushi za nyuma, barabara za Eldoret zinazimaliza.

Niko Muscat, gari langu la 1999 limeegeshwa Tanga tangu mwaka juzi. Narudi Desemba, nifanye nini kabla ya kuwasha? (Msomaji, Muscat)

Usiwashe siku ya kwanza. Nyonya petroli ya zamani yote, weka mpya. Badilisha oili hata kama inaonekana safi. Badilisha mafuta ya breki, yanafyonza unyevu, na Tanga unyevu haukosi. Toa plagi zote nne, mimina oili kijiko kimoja kila silinda, uzungushe krenki kwa mkono. Plagi za gari hili zimekaa pembeni, karibu na chasi, utahitaji ekstensheni fupi na subira. Ukizirudisha zikaze kwa toki renchi, kama Nm 20, maana nyuzi za hedi ni za aluminiamu. Piga starta bila plagi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi na uwashe. Kagua mkanda wa taimingi kwa umri wake, si kwa kilomita. Na kabla ya kuingia chini ya gari weka stendi 2 imara. Jeki peke yake isikushikilie uhai.