Barua kwa mwanangu: miji minane au mwaka mmoja ugenini?

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama ule mgongo umepoa. Barua yako niliisoma, nikamsomea na yeye, kisha tukakaa nayo siku kadhaa kabla sijashika kalamu, maana swali lenyewe ukilijibu haraka utalijibu kwa methali, na methali za safari unazijua zote.

Umeandika kwamba unakaribia miaka thelathini, kazi umeizoea hata huifikirii tena unapoifanya, na unajiona umedumaa. Rafiki zako wanataka mzunguke pamoja miji minane kwa wiki tatu. Wakati huohuo kazini wamekupa nafasi ya kwenda kukaa mwaka mzima kwenye ofisi ya mbali, nchi ambayo lugha yake huijui wala mtu huna. Huwezi kuyafanya yote mawili. Ukauliza: "Baba, ni kweli kusafiri humkuza mtu, au ni maneno ya watu wenye picha za kuonyesha?"

Ninavyoona mimi, safari yenyewe haimkuzi mtu. Kinachomkuza ni kukaa kwa muda mahali ambapo hajui kitu na hana budi kufundishwa na wanaojua. Safari inaweza kukufikisha hapo, lakini si kila safari inafika. Wapo waliozunguka nchi nyingi wakarudi na malalamiko yaleyale waliyoondoka nayo. Kwa hiyo mimi ningeuchukua ule mwaka. Nitakueleza kwa nini, tena kwa urefu, kwa sababu mwalimu mstaafu hana kengele ya kumkatiza.

Swali lako watu wamelifanyia utafiti. Mwaka 2013 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, Julia Zimmermann na Franz Neyer, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa vyuo waliokwenda kusoma nchi za nje, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki. Waliwapima tabia kabla ya kuondoka, wakawapima tena baadaye. Kupima kabla ndiko kulikonipa imani na kazi yao, maana mwenye shaka kama wewe atasema kwamba wanaoondoka ni wale ambao tangu hapo ni wachangamfu, sasa safari isifiwe kwa lipi? Na kweli, waliokuwa wakijiandaa kuondoka walionekana wachangamfu zaidi kabla hata hawajafunga mizigo. Lakini ilionekana pia kwamba baada ya kukaa ugenini walikuwa wamebadilika kuliko waliobaki: wepesi zaidi wa kupokea mambo mapya, wapole zaidi kwa watu, na hawatikiswi ovyo na wasiwasi. Walipotafuta sababu, wakakuta mabadiliko hayo kwa sehemu kubwa yanafuatana na marafiki wapya ambao wanafunzi hao waliwapata huko.

Hebu lifikirie hilo kabla hujalipia tiketi ya miji minane. Katika wiki tatu utazungumza na wapokezi wa hoteli, na hao rafiki zako, ambao unawajua mpaka kukoroma kwao. Utafurahi sana, wala sikukatazi kufurahi. Ila uite likizo, usiite shule.

Kuna lingine ambalo wauza ziara hawalisemi. Mwaka 2017 kundi la watafiti likiongozwa na Jackson Lu lilionyesha kwamba watu waliopitia nchi nyingi walikuwa wepesi zaidi wa kudanganya kwenye majaribio waliyopewa. Maelezo yao ni kwamba mtu akishaona kila mahali pana kanuni zake, huanza kuziona kanuni zote kama desturi tu za kupita. Kukaa kwa muda mrefu mahali pamoja hakukuonyesha dosari hiyo. Sikutuhumu wewe wala rafiki zako. Nimelitaja kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kila nchi unayoikanyaga inakuongezea utu.

Sasa nikupe kisa cha mzazi mwenzangu. Mwaka 1831 Charles Darwin, Mwingereza aliyekuja kuwa mwanasayansi mashuhuri wa viumbe, alikuwa kijana wa miaka 22, ameacha masomo ya udaktari, na nyumbani wanatarajia awe kasisi. Akapewa nafasi ya kusafiri na meli ya Beagle. Baba yake, daktari Robert Darwin, akakataa. Aliona ni kupoteza wakati. Lakini hakufunga mlango kabisa: alimwambia akimpata mtu yeyote mwenye busara atakayemshauri aende, atampa ruhusa. Mjomba wake, Josiah Wedgwood, akaketi akaandika barua ya kujibu pingamizi za mzee mojamoja, na mzee akakubali. (Wajomba wana kazi yao katika dunia hii.) Safari iliyopangwa kuwa ya miaka miwili ikachukua karibu mitano, hadi Oktoba 1836. Bahari ilimtapisha mpaka mwisho, hakuizoea. Ila zaidi ya nusu ya muda huo alikuwa nchi kavu, akitembea, akipanda milima, akichimba mifupa, akiuliza wenyeji.

Sehemu ninayotaka uishike ni ya Galápagos, visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambako meli ilipita. Watu hupenda kusimulia kwamba alifika visiwani mwaka 1835, akawatazama ndege, akaelewa siri ya viumbe papo hapo. Haikuwa hivyo. Alikaa kule kama wiki tano, akakusanya ndege wadogo bila hata kuandika vizuri yupi katoka kisiwa kipi, na aliwadhania kuwa wa jamii mbalimbali. Ni mwanzoni mwa 1837, yuko London, ndipo mtaalamu wa ndege John Gould alipomweleza kwamba wale ndege, pamoja na midomo yao kutofautiana vile, ni ndugu wa karibu. Hapo ikabidi Darwin aombe kutazama ndege waliokusanywa na wenzake wa melini, akiwamo nahodha FitzRoy, kwa sababu wao walikuwa wameandika visiwa. Na kitabu chake juu ya asili ya viumbe hakikutoka mpaka 1859.

Naona tunaidai safari faida yake mapema mno. Unataka kujua kama mwaka mmoja utakubadilisha, na mimi nakwambia yamkini siku ya kurudi hutaona tofauti yoyote ila mizigo imeongezeka. Mambo uliyoyaona yatakuwa yamekaa tu ndani yako, hayana majina, mpaka siku mtu mwingine akuambie neno na ghafla uelewe ulichokiona. Kwa hiyo andika. Kila jioni, hata mistari mitatu: nani alisema nini, wapi, tarehe gani. Andika hasa yale yanayokukera, kwa sababu mara nyingi kinachokukera ugenini ni kanuni ambayo hujaijua bado. Na mambo mazuri hayahitaji msaada, yatajikumbusha yenyewe.

Umesema pia unaogopa upweke, ukaiandika mwishoni kabisa kana kwamba ni jambo dogo. Si dogo. Mwaka 1325 Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri, aliondoka kwao Tangier, Moroko, peke yake akiwa na miaka 21, akienda kuhiji. Alipofika Tunis na msafara, watu wa mji walitoka kuwalaki wageni wao, huyu anamsalimu huyu, yule anamkumbatia yule, na yeye hakuna aliyemtolea hata salamu kwa kuwa hakuna aliyemjua. Akalia. Mmoja wa mahujaji wenzake akamwona, akamwendea, akamsalimu na kuongea naye kwa upole mpaka wakaingia mjini. Huyo ndiye mtu ambaye mwaka 1331 alikuwa Kilwa akimtazama sultani akigawa sadaka, na baadaye akafika India na China. Kilio cha Tunis alikisimulia mwenyewe, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, ameshaona sehemu kubwa ya dunia ya zama zake, na hakuona haja ya kukificha.

Watakaokuaga watakuambia kwamba miezi ya mwanzo ni fungate, kisha huzuni, kisha unazoea. Maneno hayo yana asili yake: mwaka 1955 Sverre Lysgaard aliandika hivyo juu ya Wanorwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Lakini Colleen Ward na wenzake walipowafuatilia wanafunzi wa Kijapani waliokwenda Nyuzilandi, katika utafiti wa mwaka 1998, walikuta kipindi kigumu kuliko vyote ni kile cha kuwasili. Nakutajia hili ili wiki ya kwanza ikikuelemea usijidhanie una kasoro kwa kuwa uliahidiwa fungate. Usikate shauri la kurudi katika wiki hiyo. Kula, lala, tafuta mtu mmoja wa kusalimiana naye kila siku, hata awe mlinzi wa jengo.

Kisha simu. Itataka kukuongoza kila kona na kukutafsiria kila neno, na ukiiachia utaishi mwaka mzima kama kifurushi kinachopelekwa. Madereva wa teksi wa London hulazimika kukariri mitaa kama 25,000 kabla ya kupewa leseni. Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwafuata wanafunzi 79 wa kazi hiyo, na mwaka 2011 wakachapisha walichokiona: waliofaulu, watu 39, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na kujua njia ilikuwa imeongezeka. Walioshindwa mtihani haikuongezeka, ingawa jiji ni lilelile na wao pia waliingia mitaani. Kwa hiyo siku za mapumziko zima ramani, uliza njia kwa lugha yao hata kama utaibananga, upotee kidogo. Mchana, lakini. Mama yako amesimama nyuma yangu na anataka neno "mchana" nilipigie mstari.

Yeye, kwa kweli, hakubaliani nami kwa yote. Anasema nisikufanye uone kwamba asiyepanda ndege hakui, na hoja yake ina uzito. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliishi maisha yake yote katika mji wa Königsberg na maeneo ya karibu, na chuoni akafundisha jiografia ya dunia kwa miongo kadhaa, dunia ambayo hakuwahi kuiona. Hata yeye mama yako alianza kujifunza kuogelea ameshapita hamsini, katikati ya watoto waliomcheka, na sidhani kama kuna aliyerudi kutoka ng'ambo akiwa amebadilika kuliko yeye mwaka ule. Kwa hiyo nafasi hii ikivunjika, kwa sababu yoyote, usikae ukasubiri nyingine ya ndege. Tafuta jambo usilolijua kabisa, lenye watu wanaolijua, ukae kati yao mpaka waache kukuona mgeni. Tofauti ni kwamba ukiwa kwako, siku likikushinda unarudi kwenye yale unayoyaweza na hakuna atakayejua. Ugenini, huna pa kurudi jioni ile. Kwa mtu wa tabia yako, anayependa kufanya vizuri tu mambo anayoyaweza, naona hilo ni jambo la kheri. Mama yako anaona ni ukatili. Tumeliacha hapo.

Kurudi nako kuna tabu zake. Utatuona tumekuwa wa ajabu kidogo, nasi tutakuona umezidisha kusema "kule kwetu". Tutavumiliana.

Ukiamua kwenda, usikubali kupangishwa nyumba moja na wafanyakazi wengine wageni, hata kama ofisi italipia. Omba chumba kwa wenyeji. Lugha anza sasa, usingoje kufika. Wale rafiki zako waambie ukweli mapema ili wampate mtu wa kuchukua nafasi yako kabla vyumba havijalipiwa. Ofisini nako ulizia kwa maandishi mambo matatu: kama nafasi yako ya sasa inabaki yako, nani analipa tiketi ya kurudi ukiugua kabla ya mwaka kwisha, na bima inaanza siku gani. Umesema wanataka jibu mwisho wa mwezi. Nakala ya mkataba nitumie kabla hujasaini; nina muda, na miwani mipya.

Wasalamu,
Baba yako