Ukienda kusikiliza historia ya Wacherokee, usiondoke mpaka viti vianze kukunjwa

Mwenzenu nina miaka kadhaa sasa hapa Tulsa, Oklahoma, na kwa muda mrefu neno Cherokee kwangu lilikuwa gari. Ile Jeep waliyokuwa wanatembelea mabosi pale Morogoro tukiwa wadogo, basi. Nimefika huku nikawa naona plet namba za magari zimeandikwa Cherokee Nation, nikajua labda ni timu ya mpira, wala sikuuliza, si mnajua maisha ya huku, shifti mbili, usingizi wa mang'amung'amu, bili.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi usiku. Kila nikimfunika blanketi ananiambia "wado". Mi nikadhani anaita mtu, labda mtoto wake ndo anaitwa Wado, nikawa namhurumia kweli maana huyo mtoto haji. Siku moja nikajikaza nikamuuliza, bibi, huyu Wado yuko wapi tumpigie simu? Alicheka mpaka akapaliwa. Wado ni asante. Kicherokee, lugha ya Wacherokee, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Miezi mitatu mtu ananishukuru kila usiku na mi nahangaika kumtafutia mtoto aliyepotea.

Aibu ile ndo ikanipeleka maktaba, kulikuwa na kikaratasi kimebandikwa mlangoni, mhadhara wa bure kuhusu historia ya Wacherokee, kahawa ipo. Toka hapo nimehudhuria mingi tu, na wabongo wenzangu huwa wananiuliza unafaidi nini huko, nikaona niandike. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, nenda, lakini angalia nani anaongea, na usiondoke akimaliza kuongea.

Hilo la nani anaongea nililijua kwa kuliwa muda wangu. Ule mhadhara wa kwanza mtoa mada alikuja na manyoya kichwani, akaanza kwa kusema mama wa bibi yake alikuwa binti mfalme wa Kicherokee. Saa nzima ni tai, mbwa mwitu, roho za milimani, mi naandika tu kama mwanafunzi mzuri. Mama mmoja aliyekaa kiti cha pembeni yangu kila dakika anashusha pumzi. Tunatoka nje kwenye pakingi ananiambia mdogo wangu, futa hayo uliyoandika, sisi hatujawahi kuwa na mfalme, huyo binti mfalme katoka tumbo la nani? Na manyoya yale ya kushuka mpaka mgongoni ni ya makabila mengine ya tambarare huko, sio ya Wacherokee. Alinicheka lakini akanipa darasa ambalo ndani sikulipata.

Kumbe Wacherokee leo wana serikali tatu zinazotambuliwa na Marekani. Kuna Cherokee Nation, makao yake Tahlequah hapahapa Oklahoma, hii ndo kubwa, ina raia zaidi ya 450,000. Kuna United Keetoowah Band, nao wako hukohuko Tahlequah. Halafu kuna Eastern Band of Cherokee Indians kule milimani North Carolina, wengi wao ni vizazi vya wale waliofanikiwa kubaki. Kwa hiyo mtu akisema mi ni Mcherokee swali la kawaida kabisa ni raia wa ipi kati ya hizo, na wenyewe hawaoni ni utovu wa adabu, wanajitambulisha hivohivo. Simaanishi mtu asiye Mcherokee hawezi kuwa mtoa mada mzuri. Nimewasikia maprofesa wazungu waliobobea, ila hao wanakwambia hiki nimekitoa kwenye nyaraka gani na hiki nimeambiwa na wazee wa wapi. Anayekuanzishia na bibi yake bila kusema ametokea wapi, we kunywa kahawa yako urudi nyumbani.

Sasa mhadhara wa pili ulihusu herufi, na hapo ndo nilinasa mazima. Kuna jamaa aliitwa Sequoyah, mfua fedha, hakujua kusoma lugha yoyote ile. Aliona wazungu wanatumiana karatasi zinazoongea akasema hata sisi tunaweza, akakaa miaka na miaka watu wanamwona kachanganyikiwa, mwaka 1821 akatoka na mfumo kamili wa kuandika Kicherokee. Inasimuliwa kwamba wakubwa hawakumwamini, wakamjaribu kwa kumtenganisha na binti yake Ayoka, huyu anaandika huku na yule anasoma kule, ndo wakakubali. 1825 taifa likaupitisha, na 21 Februari 1828 likatoka gazeti lao wenyewe, Cherokee Phoenix, kwa Kicherokee na Kiingereza, kule New Echota, Georgia.

Kilichoniua ni pale mtoa mada alipotundika chati kwenye projekta. Jamani ni ba be bi bo bu! Yaani sio herufi kama a b c, kila alama ni silabi, ga ge gi go gu, halafu wana irabu ya sita inayotokea puani. Waamerika mle ndani wanakunja sura hawaelewi kwanini iwe hivo na mi nimekaa kama nimerudi darasa la kwanza kwa mwalimu mwenye fimbo. Akaja kwenye vitenzi, akasema kwa Kicherokee neno moja linabeba mtendaji, mtendwa na wakati, akatoa mfano gvgeyui, Kiingereza ni maneno matatu. Nikasema kimoyomoyo, nakupenda. Neno moja. Mi hilo sihitaji kufundishwa.

Nikajiona nimeiva. Usiku ule nikaenda kazini nikachukua karatasi nikamwandikia yule bibi "wado" kwa alama zao, nikampelekea na chai. Akaitazama, akavaa miwani, akaitazama tena. "Lado ni nini?" Nilikuwa nimeandika W nikijua ni wa. Kumbe alama inayofanana na W yao inasomeka la, na ya wa inafanana na G! Nyingi zimefanana kwa macho tu na hizi za kizungu lakini sauti ni nyingine kabisa, Z yao ni no, H ni mi, M ni lu. Bibi akachukua kalamu, mkono unatetemeka, akakata W yangu akaandika ᏩᏙ, taratibu, kama anashona. Ile karatasi ninayo.

Ukoo nao niuseme haraka. Wana koo saba na mtoto anafuata ukoo wa mama, mjomba ndo alikuwa na sauti kwa watoto wa dada yake. Watu mle ukumbini wanashangaa, mi Mluguru nimekulia kwenye lukolo la mama, mjomba kwetu ni mtu mzito. Nilikuwa mtu pekee asiye na swali siku hiyo.

Lakini hapo ndo kuna mtego pia, nakwambieni maana mi nilinasa. Mhadhara wa Njia ya Machozi. Kwa kifupi kwa asiyejua, Rais Andrew Jackson alisaini sheria ya kuwahamisha wenyeji mwaka 1830. Wacherokee hawakukimbilia mishale, walienda mahakamani, na 1832 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu kwenye ardhi yao. Haikusaidia. Desemba 1835 kikundi kidogo kisicho na idhini ya taifa kikasaini mkataba wa kuuza ardhi yao yote ya kule mashariki, Chifu Mkuu John Ross akapeleka pingamizi lenye sahihi zaidi ya 15,000, Seneti ikaupitisha hivohivo, ukavuka kiwango kwa kura moja tu. Mwaka 1838 jeshi likawatoa watu majumbani likawarundika kwenye maboma, kiangazi kile kikali, kuhara kukaanza kuua watoto na wazee kabla hata safari haijaanza. Halafu ndo wakatembea kuja huku Oklahoma, wengi wao katikati ya baridi ya 1838 na 1839. Wanahesabu kama 16,000 waliohamishwa na makadirio yanayotajwa zaidi ni 4,000 waliokufa. Hata mke wa chifu mwenyewe, Quatie Ross, alifia Little Rock, Arkansas.

Mi nasikiliza hayo akilini nimefika Bagamoyo, misafara, minyororo, watu kutoka bara kutembea mpaka pwani. Maswali yalipofika nikanyoosha mkono, nikashika maiki, nikaanza. Nilihutubia. Bagamoyo, Tabora, Ujiji, sijui dakika ngapi, mpaka nikagundua yule mzee mtoa mada amekaa chini. Aliponijibu alikuwa mpole sana, akasema ahsante kwa kutueleza habari za kwenu, je, ulikuwa na swali? Sikuwa nalo. Nilitamani sakafu inimeze. Kwa hiyo ukienda na hadithi ya kwenu ibane mfukoni kwanza, watu wamekuja kusikia msiba wa babu zao na wewe unauhamishia kwako. Swali fupi, kaa chini, utapata nafasi ya Bagamoyo kwenye kahawa.

Na kuna swali ambalo mtu mweusi mwenzangu lazima litakukaa kooni, la watumwa. Sikulijua kabla. Wacherokee matajiri walikuwa na watumwa Waafrika, sensa ya 1835 iliandika zaidi ya 1,500, na hao walitembea Njia ya Machozi hiyohiyo wakiwahudumia mabwana zao. Huku Oklahoma, Novemba 1842, zaidi ya 20 walitoroka Webbers Falls kwenye shamba la tajiri Joseph Vann na jirani zake wakikimbilia Mexico, wakaungana na wengine njiani, wakafuatwa wakakamatwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mkataba wa 1866 ukawapa uraia wa Cherokee Nation watumwa walioachwa huru na vizazi vyao. Halafu makarani wa serikali ya Marekani walipokuja kuandikisha watu ili kugawa ardhi, wakaweka madaftari mawili, la damu na la walioachwa huru, na ukiwa mweusi ulitupwa la pili hata kama babu yako ni Mcherokee. Daftari hilo likaja kuleta balaa miaka mia baadaye, 2007 wapiga kura wa Cherokee Nation wakawaondoa vizazi vya hao walioachwa huru kwenye uraia, 2017 mahakama ya shirikisho ikawarudisha, na Februari 2021 Mahakama Kuu ya Wacherokee wenyewe ikafuta maneno "kwa damu" kwenye katiba yao.

Nililiuliza hili mbele za watu, fupi safari hii. Ukumbi ukatulia, unasikia ac tu. Mtoa mada, mama wa makamo, akasema hili ndo swali nililokuwa nasubiri mtu aulize, akazima projekta, akaongea dakika ishirini bila karatasi. Nyuma akasimama baba mmoja mweusi, akasema mimi nina kadi ya uraia, babu yangu yuko kwenye lile daftari la pili. Watu wakageuza viti. Mhadhara wenyewe ulioandikwa kwenye kikaratasi nimeshausahau, nadhani ulihusu vikapu.

Ndo maana nasema usiondoke mapema. Wazee wengi hawashiki maiki, wanakaa nyuma, wanasubiri kahawa. Saidia kukunja viti, utasikia vitu. Usirekodi bila kuomba, na ukiambiwa jambo fulani la ibada haliongelewi we achana nalo, hata kwenu yapo.

Kwa wa Oklahoma, Tahlequah ni saa moja na kidogo kutoka Tulsa, vibao vya mitaa vimeandikwa kwa herufi za Sequoyah, na jengo la mahakama yao la 1844 sasa ni makumbusho. Wikiendi ya Labor Day, mwanzoni mwa Septemba, wana sikukuu yao ya taifa toka 1953 na Chifu Mkuu anahutubia hadharani, sogea tu. Ndugu zetu Warundi na Wakongomani mlioko Knoxville, nyie mna makumbusho ya Sequoyah pale Vonore karibu yenu. Wa Atlanta, New Echota yenyewe iko Calhoun. Ukiwa Bongo, fungua mipangilio ya iPhone uongeze kibodi ya Kicherokee, uone hizo silabi.

Kitu cha mwisho nilichojifunza kwenye mihadhara hii ni kwamba Kicherokee kina "sisi" zaidi ya moja. Kuna sisi ya mimi na wewe, na kuna sisi ya mimi na wenzangu, wewe haumo. Mwezi wa tatu tukikunja viti yule mzee wa siku ya Bagamoyo akaniambia kwa Kiingereza, Jumamosi tunakula vitunguu pori kanisani. Vile vinavyochimbwa porini masika yakianza, vinakaangwa na mayai. Sasa "tunakula" hiyo ya Kiingereza haisemi ni sisi ipi, na mi niliona aibu kuuliza.

Nilienda na chapati ishirini. Zimeisha kabla ya mayai.