Barua kwa mwanangu: kuhusu ile sahihi

Mwanangu Rehema,

Waalaykumu salaam. Sisi huku Tanga wazima, ila goti langu ndiyo lile lile. Barua yako mama yako kaisomewa mara mbili, na mara zote mbili amesema, "Mwambie atie sahihi arudi nyumbani apumzike." Mimi nimenyamaza.

Umeuliza jambo moja. Spektrografu yenu, hicho chombo cha kuchambua mwanga wa nyota, inatakiwa iingie kwenye makasha isafirishwe Chile, kwenye ile darubini kubwa. Mkuu wako anataka utie sahihi kwamba imepita majaribio, nawe umeona mistari ya mwanga inahama kidogo chumba kikipoa usiku. Yeye anasema itarekebishwa huko huko mlimani. Utie au usitie?

Kabla ya hilo nami nina langu. Huo usiku ulipopima, ulikuwa na nani?

Maana uliponieleza kazi yenu, nilielewa kuliko ulivyodhani. Mwanga wa nyota unapita kwenye mwanya mwembamba, unafika kwenye kioo kilichochorwa mifereji midogo mno, unatawanyika rangi kwa rangi, na katikati ya rangi hizo mna mistari myeusi. Sayari ikiivuta nyota yake, mistari inasogea huku na huku. Ndivyo wanaastronomia Mayor na Queloz walivyoipata sayari ya nyota iitwayo 51 Pegasi mwaka 1995. Ila ukasema Dunia yetu hulitikisa Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, na joto likicheza kidogo, chombo chenyewe kinaisogeza mistari kuliko sayari. Ndiyo maana HARPS, spektrografu iliyoko La Silla huko huko Chile, imefungiwa ndani ya tangi lisilo na hewa, joto lake likachungwa lisibadilike hata kwa sehemu ya mia ya nyuzi. Hapo nilicheka peke yangu. Sisi kiwandani tuliona fila geji, vile vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya, ndiyo mwisho wa elimu!

Unajua nilivyotoka kwenye mashine nikapelekwa stoo, lakini sidhani nimewahi kukwambia ilivyokuwa hasa. Njia ya Muheza, kwenye kile kiwanda cha mkonge, tulikuwa tumeifumua korona yote, ile mashine ya kutoa singa kwenye majani ya mkonge, tukaifunga upya. Nafasi kati ya visu vya ngoma na kitako chake ndiyo roho ya mashine ile: ikibana, singa zinakatika, ikiachia, nyama ya jani inabaki kwenye singa. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, niliingiza fila geji pande zote mbili ikapita vizuri, inakwaruza kidogo kama inavyotakiwa. Nikasema izunguke tupu mpaka ishike moto, nipime tena, hasa upande wa beringi ya kushoto, sikuipenda sauti yake. Wageni walikuwa njiani kutoka Dar es Salaam. Meneja akaniuliza mbele ya vijana wote, "Fundi, unapima au unaposa?"

Walicheka mpaka wakataji walioleta majani. Nikamjibu: chuma hakimjui mgeni. Wakazidi kucheka.

Basi mashine ikawashwa, ikafanya kazi kutwa bila hata kukohoa! Wageni wakala pilau, wakaondoka. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mposaji. Hadi Ngamiani, kwenye kahawa, mtu nisiyemjua akaniita Mposaji. Mwezi uliofuata nikahamishiwa stoo, kuhesabu nati. Beringi ile ilikuja kukwama katikati ya msimu, na hakuna aliyekuja stoo kuniambia neno. Mama yako anasema nilitaka waje waniombe radhi. Sivyo. Nilitaka mmoja tu aje aseme, "Ulisikia nini siku ile?"

Lakini nayo ilikuwa beringi kuukuu, na grisi ya miaka ile ilikuwa ya kubahatisha. Pengine ingekufa hata ningepimishwa mara kumi. Meneja naye alikuwa na wakubwa wake. Najua. Nimeyapiga hesabu haya usiku mwingi, na bado namwona alivyoshika kofia yake akiniuliza kama naposa.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia habari ya spektrografu ya darubini ya SALT, kule Sutherland, Afrika Kusini. Darubini imezinduliwa 2005, na mwaka uliofuata chombo kikateremshwa kwa sababu majimaji yaliyo kati ya lenzi yalikuwa yanameza mwanga. Kilirudi kazini 2011. Sisemi hao walikuwa na haraka, sikuwepo. Nasema tu kuteremsha kitu kilichokwisha kupandishwa mlimani si kazi ya alasiri moja. Na kioo nacho, kama chuma, hakimjui mgeni.

Nimemwahidi mama yako kwamba sitakwambia la kufanya, na ahadi hiyo inanikaba koo. Kwa hiyo sikwambii usitie. Pima tena usiku, na safari hii mwite mkuu wako asimame hapo hapo aone mstari unavyohama kwa macho yake, asije akasema ni hadithi yako. Andika joto la chumba pembeni ya kila kipimo. Ikiwa unahama na joto, mna pa kuanzia. Ikiwa unahama joto likiwa limetulia, hapo nisingelala. Akikuuliza kama unaposa, niandikie.

Shangazi yako wa Pangani analalamika humpigii simu. Mpigie kabla ya Ijumaa, maana anakuja, na sitaki kesi hiyo inikute mimi.

Baba yako